Sikio Litangulie Mkono: Maneno kwa Wapiga Vinanda Siku ya Yubilei



Tumeagizwa kunena maneno machache katika sikukuu hii. Wengine wamekwisha kusimulia habari za waliojenga makanisa na waliofungua shule. Sisi wapiga vinanda kazi yetu ni kuketi pembeni, hata hivyo yatupasa nasi kutoa hesabu yetu. Basi, twataka kunena juu ya sikio.

Kwanza tuungame kosa letu. Tulipokuwa vijana alikuwako katika mtaa wetu mzee mmoja aliyejua nyimbo walizoimba Wakristo wa kwanza wa nchi hii, waliochukua sauti za mavuno na za maombolezo wakazitia maneno ya sala. Nyimbo hizo hazikuandikwa po pote. Siku moja alituita watatu tuliojua kusoma nota, akasema, "Wanangu, mimi nitaimba, nanyi andikeni, maana siku zangu si nyingi." Tukaketi na karatasi zetu. Akaimba, nasi hatukujua hata sauti ya kwanza iandikwe wapi. Akarudia mara tatu, mara nne, nasi tukiandika na kufuta. Hata tulipopiga kinandani yale tuliyoyaandika, mzee alisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Wimbo huo ni mzuri, lakini si wangu." Tukaahidi kwamba tutajifunza kwanza, turudi baada ya mvua. Mvua hazijakwisha, mzee akafariki. Katika nyimbo zake zote zimebaki mbili tu, walizozishika wajukuu wake.

Ndugu, siku ile mikono yetu ilikuwa hodari, na macho yetu kadhalika. Masikio ndiyo yaliyolala. Nasi twajua sababu yake. Mwimbaji hana budi kuitafuta kila sauti kwa koo lake, na mpiga zeze huitafuta kwa kidole juu ya uzi. Wakikosea, sikio huwaumbua papo hapo. Lakini mpiga kinanda huzikuta sauti zote zimekwisha kutengenezwa. Piano kubwa ina vibao 88, na kila kimoja fundi amekwisha kukilinganisha. Mtu aweza kupiga miaka kumi, akichukua alama karatasini kwa jicho na kuipeleka kidoleni, na sikio lisiitwe kazini hata siku moja. Tena vinanda vya umeme vya siku hizi vina kitufe cha kupandisha na kushusha sauti zote pamoja; kitufe hicho chafaa, lakini kimewazoeza wengi uvivu.

Shida hii si ngeni. Karne ya 11, huko Italia, mtawa Guido wa Arezzo aliona waimbaji wakijifunza miaka mingi, wala wasiweze kuimba wimbo mpya pasipo mwalimu. Akatwaa utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao sauti ya mwanzo wa kila kipande hupanda daraja moja, akachukua silabi zao za kwanza: ut, re, mi, fa, sol, la. Mwanafunzi aliyezishika moyoni aliweza kuupima wimbo wo wote. Baadaye ut ikawa do, tena ikaongezwa silabi ya saba. Karne ya 19 huko Uingereza, Bibi Sarah Glover wa Norwich alitengeneza njia ya kuandika sauti hizo kwa herufi, na John Curwen akaieneza. Ndiyo solfa iliyoletwa Afrika na wamisionari. Kwa solfa hiyo Enoch Sontonga, mwalimu karibu na Johannesburg, aliandika wimbo wake mwaka 1897, ambao sauti yake leo ndiyo ya wimbo wa taifa la Tanzania. Yeye aliweza kuandika alichokisikia moyoni. Sisi hatukuweza kuandika tulichoimbiwa mara nne.

Labda mtu atasema, "Sikio ni kipaji; mwingine amepewa, mwingine amenyimwa." Twajibu: wako wachache sana waitambuao sauti moja ikipigwa peke yake, nao hatuna haja ya kuwaonea wivu. Sikio tulitakalo ni lile lijualo umbali uliopo kati ya sauti na sauti, nalo hupatikana kwa mazoezi. Louis Vierne alizaliwa karibu kipofu, naye alipiga kinanda kikubwa cha Notre-Dame huko Paris tangu mwaka 1900 hata alipofariki mwaka 1937, ameketi kinandani. Mtu huyo hakuongozwa na karatasi.

Mazoezi ni haya. Kwanza, usipige kipande usichokiimba. Piga do peke yake, imba mstari wote kwa solfa, ndipo upige, uone kama kinanda chakukubali. Pili, imba sauti ya tatu huku mikono ikipiga zile nyingine, kisha badili. Jambo hili ni gumu mwanzoni, lakini hakuna lifunzalo zaidi. Tatu, sikiliza besi. Mwisho wa nyimbo nyingi besi hutoka so ikaingia do. Katika Amina ya desturi hutoka fa ikaingia do. Mwenye kutambua mawili hayo amekwisha kushika ufunguo. Nne, wimbo ulioujua kwa do moja upige kwa do nyingine, pasipo kitufe. Tano, mketi wawili wawili: mmoja apige mafungu mafupi, mwingine ampe mgongo na kuandika. Robo saa kila siku yatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwingine atasema, "Siku hizi simu hunasa sauti, ya nini taabu yote?" Naam, naseni, wala msichelewe! Laiti sisi tungalikuwa na simu siku ile. Lakini simu huhifadhi wimbo kama ghala lihifadhivyo mbegu, wala ghala halilimi. Asiyeweza kuandika alichoimba mzee, hataweza kuandika kilichomo simuni. Tena wimbo ambao haukuandikwa hatuwezi kuufundisha kwaya kwa sauti nne, wala kuupigia kinanda.

Basi, ombi letu la Yubilei ni moja. Katika kila parokia wangali wako wazee wenye nyimbo. Wapiga vinanda wawili waende kwao mwaka huu, waimbiwe, waandike, kisha wampigie mzee mwenyewe, wala wasiondoke mpaka aseme, "Naam, huo ndio wangu." Sisi neno hilo hatukulipata. Ninyi lipateni mapema, kwa maana mvua hazingoji, wala wazee hawangoji.