Salim Ahmed Salim: maneno kwa watoto wetu wa Frogtown



Sisi wauguzi tumeombwa kumzungumzia Dk. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alikuwa balozi nchini Misri. Kwa umri huo wengine wenu bado mnatuomba nauli ya treni!

Mwaka 1971, Umoja wa Mataifa, aliipigania China mpaka ikapata kiti chake. Miaka 10 baadaye akagombea Ukatibu Mkuu wa umoja huo. Marekani ikampinga kwa kura ya turufu, duru baada ya duru, hadi akajitoa. Ndiyo nchi hii ambayo nyinyi mna pasipoti yake. Tunataka mlijue na hilo.

Mwaka 1989 Afrika ikamchagua Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Addis Ababa. Alikaa miaka 12.