Maji ya Zege na Maji ya Watu



Aliye na Biblia na afungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, kuanzia mstari wa 18. Mwana wa yule mwanamke Mshunami alimwendea babaye kwa wavunaji. Mara akalia kwamba kichwa chamwuma. Baba akamwagiza mtumishi ampeleke kwa mamaye. Hatusomi kwamba yeye mwenyewe aliacha mavuno. Kufika adhuhuri mtoto amekufa. Biblia haitaji ugonjwa, lakini wasomaji wengi wamedhani kwamba ni jua lililompiga.

Mimi humfikiria sana yule baba, maana nimewahi kusimama mahali pake.

Februari 2019 tulikuwa tukijenga ukumbi wa kanisa huku Kilifi. Joto lilikuwa kali, nasi tulitaka kumaliza kabla ya Pasaka. Kamati ilinunua maji mapipa mawili, nami nikatia sahihi. Hayo yalikuwa ya kuchanganyia zege. Ya kunywa, kila kibarua ajiletee.

Kijana mmoja, aliyeanza kazi siku iliyotangulia, akaanza kuyumba na karai kichwani, akisema maneno yasiyoeleweka. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Huyu amekunywa mnazi." Nami nikasadiki. Nimehubiri mara ngapi juu ya Eli aliyemdhania Hana kuwa amelewa! Tukamwambia akaketi kando, na kando penyewe palikuwa juani. Mama aliyetupikia chai ndiye aliyemgusa, akapiga kelele kwamba mwili wake ni moto kama chungu. Akamvutia chini ya mwembe, akamvua shati, akammwagia yale maji ya zege na kumpepea kwa leso mpaka gari likapatikana. Alipona, lakini si upesi.

Baadaye nilifundishwa ambayo ningepaswa kuyajua. Jasho hupoza mwili linapokauka. Hapa pwani hewa ina unyevu, basi jasho hutiririka tu. Mwili ukifika nyuzi 40 hivi, akili huvurugika, na mtu huonekana kama mlevi. Hapo yu karibu na kifo. Apozwe kwa maji papo hapo huku mkitafuta gari, wala asinyweshwe kitu akiwa hajitambui. Tena wageni wa kazi ndio walio katika hatari zaidi, kwa kuwa mwili huhitaji juma moja au mawili kulizoea joto. Nasi yule mgeni tulimpa karai zito siku ya kwanza, ili tupime nguvu zake!

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka 2007, humtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa. Huko Qatar, waendako vijana wetu wengi, tangu mwaka 2021 kazi za juani hukatazwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, tangu Juni hadi katikati ya Septemba. Lakini someni Ruthu sura ya 2. Ruthu naye alikuwa mgeni, siku yake ya kwanza shambani. Boazi alimwambia kwamba akiona kiu aende kwenye vyombo, anywe maji waliyoteka vijana wake.

Siku hizi tukijenga, kazi huanza saa kumi na mbili, na saa tano tunatua hadi saa tisa. Pipa la kunywa liko chini ya turubai, na kila robo saa kikombe huzunguka. Mtunza hazina aliuliza kama saa za kivulini zikatwe katika malipo. La, hazikatwi. Kibarua akikatwa atakataa kupumzika, maana ana watoto.

Na tuombe. Bwana Yesu, uliyechoka ukaketi kisimani wakati wa adhuhuri ukaomba maji, uwakumbuke walio juani saa hii, na utufumbue macho sisi tulio kivulini. Amina.