Daktari wa Moyo na Mgonjwa Wake
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Msamala, Songea)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaotutazama mkijiuliza kama kweli wazee hawa waliwahi kuvaa kaptula:

Kamati imeniomba nieleze habari za kazi ya daktari bingwa wa moyo. Mimi si bingwa. Nilikuwa tabibu wa zahanati hadi nilipostaafu. Kwa hiyo nitazungumza juu ya bingwa ambaye nchi nzima inamjua, Profesa Mohamed Janabi, ingawa hakusoma hapa na hatuwezi kumdai ada ya uanachama.

Profesa Janabi alisomea udaktari Kharkiv, Ukraine, akachukua shahada ya pili katika magonjwa ya nchi za joto huko Queensland, Australia, kisha udaktari wa falsafa katika magonjwa ya moyo huko Osaka, Japani. Akafanya kazi Muhimbili. Zamani Mtanzania aliyehitaji kupasuliwa moyo alingoja kupelekwa nje, hasa India. Upasuaji huo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, yeye akiwa mkurugenzi wake. Mwaka 2022 alikabidhiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, Kanda ya Afrika.

Hayo vijana mtayanakili kwenye madaftari. Linalonigusa mimi ni jingine. Taasisi ile ina mitambo ya kuzibua mshipa wa moyo kwa kupitisha mrija mwembamba mkononi au pajani, bila kupasua kifua. Mwenye mitambo hiyo angeweza kukaa ofisini akingoja wagonjwa. Yeye alitoka, akazungumza na watu kwenye redio na televisheni juu ya sukari, wanga, kitambi na kutembea kwa miguu. Utani ukaenea: sahani ya mtu ikijaa, wenzake humwuliza Janabi atasema nini. Sisi wa Ruvuma, tunaolima mahindi ya kulisha mikoa mingine, utani huo ulituchoma kidogo.

Sasa niseme kwa nini unanigusa. Mwenzetu mmoja, tuliyekaa naye dawati moja katika shule hii, alikuja kwangu akilalamika kichwa. Nikampima: 170 kwa 110. Foleni ilikuwa ndefu. Nikampa vidonge vya mwezi mmoja, nikamwandikia kadi, nikaita anayefuata. Aliona nafuu. Vidonge vilipokwisha akajua amemaliza dozi, kama ya malaria. Miezi michache baadaye alianguka shambani kwa kiharusi. Aliishi miaka mitatu mkono wa kulia haufanyi kazi. Nilipokwenda kumwona aliniambia, bila hasira, "Ndugu yangu, hukuniambia kuwa vidonge vile havina mwisho."

Ni kweli, sikumwambia. Ingenichukua dakika mbili.

Ndugu Mwenyekiti, bingwa mzuri wa moyo huanza na masikio yake. Atamwuliza mgonjwa: unalala kwa mito mingapi? Maana moyo uliochoka huacha maji yapande mapafuni mtu akilala chali, naye huongeza mto bila kujua kwa nini. Viatu vinakubana jioni? Mwaka jana ulipanda kilima cha Matogoro bila kupumzika, mwaka huu je? Maswali hayo hayahitaji umeme. Tabibu wa zahanati anaweza kuyauliza, na akiyauliza mapema mgonjwa huenda asihitaji kamwe safari ya zaidi ya kilomita 900 kwenda Dar es Salaam. Presha yenyewe mara nyingi haiumi hata kidogo, ndiyo maana asiyepimwa hajui, na aliyepona maumivu ya kichwa hudhani amepona presha.

Kwenu wanafunzi nina neno moja. Msidharau koo linalouma pamoja na homa. Koo la namna fulani lisipotibiwa huleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo huharibu milango ya moyo wa mtoto. Dawa yake ni penisilini, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu. Aliyekwisha kupata homa hiyo huchomwa sindano kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Mwenzenu akiwa na kadi hiyo ya sindano, msimcheke, mkumbusheni tarehe.

Kuhusu mlo nitasema kidogo, maana harufu ya pilau imeanza kufika hapa. Chumvi kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyokwisha kupikwa. Na mwenye kisukari anayetumia dawa asianze kuruka milo kwa kumsikia mtu redioni, hata awe profesa, kabla ya kumwuliza daktari wake.

Nimekuja na mashine ya kupimia presha. Iko kwenye meza ile chini ya mwembe. Tutaanza na waliozidi miaka 40, kabla ya chakula. Kila mmoja akae kwanza dakika tano bila kuzungumza, jambo ambalo kwa Ndugu Katibu litakuwa gumu. Atakayezidi 140 kwa 90 nitakaa naye, na safari hii sina foleni.