Meneja wa Bendi Ana Kazi Gani Leo?
Msikilizaji, tuitazame kazi ya meneja wa bendi za litungu, ala ya nyuzi, kuanzia Bungoma hadi Kitale. Zamani alitafuta harusi na kuuza kanda. Leo wimbo unalipa kupitia simu. Marekebisho ya mwaka 2022 ya sheria ya hakimiliki ya Kenya yalimtengea mwenye wimbo asilimia 52 au zaidi ya mapato ya milio anayoisikia mpigaji simu, mfano Skiza. Lakini, na hapa ndipo penye uzito, mwenye wimbo ni nani kwenye karatasi, mwanamuziki au meneja? Kwa upande mwingine, wapo wanaouliza, na wana haki: kwa nini mwanamuziki agawane na meneja kidogo alichopata, ilhali simu anayo mwenyewe? Naamini meneja mwaminifu bado anastahili fungu lake, mradi mkataba uandikwe na uwe na kikomo. Je, ni bendi ngapi zimewahi kuusoma mkataba wao?