Kabla Hujaitupa Kompyuta ya Zamani



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2015. Kompyuta hazikuzimika siku ile. Ziliendelea kuwaka na kufanya kazi kama jana yake, na hapo ndipo penye hatari, kwani mwenye mashine haoni dalili yoyote ilhali kila ufa mpya unaogunduliwa hubaki wazi kwa wadukuzi. Upo mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, lakini ulipangwa kukoma tarehe 13 Oktoba 2026.

Windows 11 nayo haipokei kila kompyuta. Hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa isiyo kongwe. Kwa zile za Intel, kwa jumla, kuanzia kizazi cha nane. Ndiyo maana kompyuta mpakato zilizotumika huweza kuuzwa kwa bei ya kuvutia. Bei nafuu si kosa. Kosa ni kuficha. Zipo mashine zilizopandikizwa Windows 11 kwa njia ya mkato, na Microsoft haizihakikishii masasisho. Mwulize muuzaji kizazi cha prosesa, kisha akiandike katika risiti.

Aliye na mashine ya namna hii tunamshauri aijaribu Linux. Kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, na msimbo wake u wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Linux Mint 22, iliyopangiwa masasisho hadi 2029, huridhika na kumbukumbu ya GB 2, ingawa watengenezaji wake hupendekeza GB 4. Nasi twaafiki, maana chini ya hapo kivinjari kitakukera. Ipakue katika tovuti yake rasmi, iandike kwenye flashi, kisha uwashe kompyuta kwa flashi hiyo pasipo kugusa yaliyomo katika diski. Kagua Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Kasi usiihukumu bado, kwani flashi ni nzito kuliko diski.

Programu hii haina bei. Fundi anastahili ujira wa kazi yake, lakini anayekutoza “leseni ya Linux Mint” anakudhulumu. Nakili nyaraka zako kwingine kwanza, kwa kuwa usimikaji waweza kufuta diski nzima.

LibreOffice hufungua nyaraka za Word na Excel, japo mpangilio huenda ukapinda kidogo. (Programu huria za ofisi si ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili.) Hata hivyo, mwenye duka anayetegemea programu ya uhasibu ya Windows asihame kabla ya kumwuliza aliyemuuzia kama inafanya kazi katika Linux, na jibu alipate kwa maandishi.