Mwanga Uliobaki Utunzwe

Huenda kijijini akawako mzee ambaye humwona vema mtu aliye mbele yake, lakini hujikwaa katika kigoda kilicho kando. Watu humcheka na kusema amelewa. Kumbe labda amepatwa na glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho.

Mara nyingi maji yaliyomo ndani ya jicho hukosa njia nzuri ya kutokea, nguvu yake ikazidi, na mshipa upelekao habari za jicho kwenye ubongo ukaharibika. Kwa kawaida hakuna maumivu. Uoni wa kando hupotea kwanza; mwishowe mgonjwa huwa kama anayechungulia katika tundu la mwanzi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtoto wa jicho akiondolewa, mtu aweza kuona tena. Lakini uoni ulioharibiwa na glakoma haurudi. Basi mgonjwa hutia dawa mwezi mzima, haoni nafuu yo yote, akaitupa chupa. Hilo ni kosa kubwa. Dawa haikutolewa irudishe kilichopotea, bali ilinde kilichobaki. Upasuaji nao ni vivyo hivyo.

Kabla ya kutia dawa, mikono inawiwe. Mgonjwa atazame juu, ukope wa chini uvutwe, tone moja litiwe. Kisha afumbe jicho na kubonyeza pembe iliyo karibu na pua kwa dakika mbili. Kama kuna dawa ya pili, angoje dakika tano. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amwambie daktari mapema, kwa maana matone mengine, kama timololi, huweza kumdhuru.

Nyumbani, vitu viwekwe mahali pamoja sikuzote, na kingo za ngazi zipakwe chokaa. Mgonjwa ajizoeze kugeuza kichwa huku na huku atembeapo, wala asiendeshe baiskeli wala gari. Kushika fimbo nyeupe si aibu.

Tena ndugu na watoto wake hawana budi kupimwa macho, hata kama waona vizuri, kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo, na watu wa asili ya Kiafrika hupatwa zaidi, tena mapema.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Lakini ukuta wa jicho ukianguka haujengeki. Tone la kila siku ndilo litakalomwezesha mzee kuutambua uso wa mjukuu wake mwakani.