Nyumba Iliyofika Linta

Neno letu la leo limo katika kitabu cha Nabii Yeremia, sura ya 22, mstari wa 13 hadi wa 16. Lisomeni nyumbani kwa utulivu. Mimi nitawasimulia jambo lililonipata mwenyewe, nalo si la kujisifia.

Tangu nilipotoka chuo cha theolojia nimelala katika nyumba za parishi. Ni nyumba nzuri, lakini si zangu. Siku ya kustaafu nitarudisha ufunguo. Kwetu Embu, na kwa jirani zetu wa Meru pia, mtu wa umri wangu asipokuwa na nyumba kwao, wazee humwuliza kwa upole, "Pasta, wageni wako utawapokea wapi?" Wanachouliza hasa ni mahali watakapomzika. Basi mwaka jana mimi na mke wangu tukaanza kujenga katika sehemu yetu ya shamba la baba, upande wa juu wa Runyenjes, ambako kahawa hukutana na majani chai.

Aliyejenga anajua. Udongo wetu wa mlimani ni mwekundu na wenye kina, hivyo fundi alichimba msingi mpaka akapata pagumu. (Wenzetu wa Mwea wenye udongo mweusi wana taabu kutuzidi, maana ule huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, na kuta hupasuka pamoja nao.) Mchanga ulitoka mitoni huko Mbeere. Kokoto tulinunua kwa akina mama wanaoketi kando ya barabara wakiponda mawe kwa nyundo, debe kwa debe. Mbao zilikuwa za mikima yetu wenyewe. Kufikia katikati ya Desemba kuta zilikuwa zimefika linta, ile mihimili ya zege juu ya milango na madirisha, nami nilikuwa nikisimama barabarani jioni nikiitazama kama mtu anayetazama mtoto wake wa kwanza.

Hapo ndipo nilipokosea. Fundi wangu na wasaidizi wake wanne walikuwa wamefanya kazi siku kumi na mbili bila malipo. Hesabu yao ilikuwa Sh. 43,200. Niliwapa elfu moja moja ya Krismasi, nikawaambia zile 38,200 zitakuja. Fedha ninazo, katika simu. Lakini muuza mabati alikuwa ameniambia bei itapanda baada ya Januari, na mvua za Machi hazimngojei mtu. Nikawaza, fundi ni mshiriki wa kanisa letu, atanielewa. Msikilizaji, neno hilo "atanielewa" limefunika dhambi nyingi.

Ijumaa ya kwanza baada ya Mwaka Mpya nilikutana na marafiki watatu tuliosoma nao chuoni. Mmoja alitoka Nkubu, akavuka Nithi akiwa na ndizi za kutulisha wiki nzima; mwingine alitoka Chuka. Tuliteremka kupitia Kiritiri, ubaridi wa mlima ukabaki nyuma yetu, tukaenda kupumzika kando ya ziwa la Masinga mpaka Jumapili. Kiangazi kile joto lilikuwa kali, na ile hewa ya majini ilikuwa rehema ya Mungu.

Wengine hudhani mchungaji hapaswi kupumzika hivyo. Siwaungi mkono. Tulicheka, tukaombeana, tukala samaki. Usiku viboko walikuwa wakikoroma majini hata tukanyamaza kuwasikiliza.

Ziwa lile halikuwako zamani. Mto Tana umewekewa mabwawa matano mfululizo: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Masinga ndilo la juu kuliko yote, na ndilo ghala la maji. Mito ikipungua, hilo ndilo linalolisha mabwawa ya chini ili umeme usikatike. Ni kazi kubwa, na wengi wetu tunasoma Biblia usiku kwa taa za mto huo.

Jumamosi asubuhi mvuvi mmoja wa makamo alitupeleka majini kwa mashua yake. Akanyosha mkono, akasema, "Pale chini kulikuwa na shamba la baba yangu. Maji yalipokuja tulihama na milango." Nikamwuliza, na milango? Akasema ndiyo, waling'oa nguzo na milango ili wakajengee kwingine, naye akiwa mtoto alibeba mlango kichwani. Niliguswa sana. Niliyatazama yale maji, nikafikiri juu ya mafiga yaliyo chini yake. Nikatikisa kichwa kwa huruma, kama tulivyofundishwa kufanya tukiwafariji watu.

Na wakati uleule simu ikalia mfukoni mwangu. Nikatazama. Ni fundi. Nikaizima sauti, nikaendelea kumhurumia mvuvi.

Alipiga tena saa sita, na tena saa kumi. Jioni tulipokuwa tukichoma samaki, rafiki yangu wa Nkubu akaniuliza, "Ndugu yangu, ni nani huyo anayekutafuta tangu asubuhi?"

"Ni fundi wa nyumba."

"Ana shida gani?"

"Sijui."

"Hujui kwa sababu hujapokea." Akageuza samaki. "Umemlipa?"

Nikaanza kueleza habari za mabati, na bei, na mvua ya Machi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ile nyumba uliyotuonyesha picha yake mchana ni ya nani?"

"Si yangu?"

"Kutoka msingi mpaka linta ni ya fundi. Wewe bado hujainunua."

Wale wengine wawili wakatazama moto. Wapenzi, mimi nimehubiri Yeremia 22 mara kadhaa. Najua kwamba Yehoyakimu alikuwa akijijengea jumba wakati nchi ikilipa kodi nzito kwa Farao wa Misri. Najua habari za vyumba vyake vipana, na madirisha yake, na mierezi, na rangi nyekundu. Nabii hakumlaumu kwa kupenda madirisha makubwa. Alimlaumu kwa kumtumikisha jirani yake bila kumpa ujira. Na tena, hili ndilo nililokuwa nikilipita kila mara, nabii anamkumbusha habari za baba yake, mfalme Yosia. Yosia naye alikula na kunywa. Hakuishi kwa kufunga maisha yake yote. Lakini alitenda haki, akamtetea maskini, na mambo yake yakawa mema. Kwa hiyo samaki wangu hakuwa na kosa, wala ziwa, wala marafiki. Kosa lilikuwa katika simu iliyolazwa kifudifudi juu ya meza.

Torati imetaja hata saa ya kulipa. Katika Kumbukumbu la Torati 24:15 kibarua alipwe siku ileile, jua lisitue kabla hajapata, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautazamia ujira huo. Jua la Masinga lilikuwa limekwisha kutua. Nilituma fedha zote usiku ule, na sikutumia hata dakika moja. Baada ya kitambo kidogo likaja jibu: "Asante Pasta. Mungu akubariki." Nawaambia kweli, sijawahi kupokea baraka iliyonichoma namna ile.

Kazi ilipoanza tena ndipo nilipojua alichokuwa akinitafutia. Mtoto wake alikuwa akirudi shule ya bweni, na karo haikutimia. Nilipokosa kupokea simu, Jumamosi ileile jioni alimwuza mbuzi wake jike mwenye mimba kwa jirani, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Fedha zangu zilifika mbuzi akiwa amekwisha kwenda.

Nilimwomba msamaha mbele ya wasaidizi wake. Aliangalia chini, akakwangua saruji kavu kwenye mwiko wake kwa muda mrefu, akasema, "Yamepita, Pasta." Nilitaka kumnunulia mbuzi mwingine, akakubali baada ya kushawishiwa na mama watoto wake. Lakini yule wa kwanza alizaa pacha kwa jirani, na kila apitapo huwaona.

Wewe unayejenga nyumbani ukiwa Nairobi au ng'ambo, ukituma fedha kwa ndugu yako, je, unajua kama zimefika mkononi mwa anayebeba mawe? Na sisi wa kamati za ujenzi za kanisa, tunaofanya harambee na kuwaita wageni wa heshima, tumewalipa akina mama wa kokoto, au tunawaambia ni kazi ya Mungu wavumilie? Nauliza kwa kuwa nimekaa katika kamati hizo.

Mabati hayakutosha. Mvua ya Machi ilikuta upande mmoja wa nyumba ukiwa wazi, na vyumba viwili vikajaa maji. Fundi alikuja akiwa amejifunika gunia, akachimba mfereji wa kuyatoa. Siku hiyo nilimlipa saa kumi na moja, kabla hajanawa mikono.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyeitwa mwana wa seremala, wakumbuke leo wale wote wanaongojea simu ipokelewe. Amina.